Fundo la Ulimi



Swali tulilokusudia kulijibu safari hii limetoka kwa mama mmoja wa pwani anayeishi sasa Muthangari, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, jirani na Westlands, Kileleshwa na Lavington. Binti yake yuko gredi ya nne. Nyumbani ni msemaji hodari; Kiswahili chake ni cha Mvita, kimejaa methali za bibi yake. Kiingereza chake katika daftari hakina kasoro kubwa, na mitihani ya kuandika anaipita. Lakini ripoti ya shule imeeleza kwamba mtoto huyu hashiriki darasani. Akiulizwa kwa Kiingereza huinamisha kichwa, na mwalimu humpita akaenda kwa mwengine. Mama anauliza: je, tuache kusema naye Kiswahili nyumbani, ili ulimi wake ukizoee Kiingereza?

Jawabu letu kwa ufupi ni la, msiache. Jawabu kwa urefu lataka tueleze ni nini kiufungacho ulimi wa mwanafunzi na ni nini kiufunguacho. Wazazi wengi hudhani kwamba lugha ya nyumbani ndiyo iliyolifunga fundo. Sisi twaona kwamba fundo hilo limefungwa na mambo mawili: hofu ya kuchekwa, na kutokuwa na jambo la kumwambia mtu ambaye halijui. Darasa likiyaondoa haya mawili, mtoto husema, hata kama maneno yake ni machache.

Tuanze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo lisilotazamwa sana. Watoto wetu si waoga wa kutoa sauti. Kila mwaka katika maulidi ya madrasa zetu tunawaona watoto wa miaka saba na minane wakisimama mbele ya mamia ya watu, wakisoma kasida ndefu bila kutazama karatasi. Moyo wa kusimama wanao, na hifadhi wanayo. Lakini kusoma ulichohifadhi ni jambo moja, na kuzungumza ni jambo jengine. Msoma kasida anajua neno litakalofuata, na wasikilizaji wake pia wanalijua. Mzungumzaji hajui ataulizwa nini. Ni lazima asikilize, afahamu, atafute neno, alitamke, kisha angoje kuona kama amefahamika, na yote hayo ndani ya sekunde chache. Mazoezi ya jambo la kwanza hayamtoshelezi mtu kwa jambo la pili. Ndiyo sababu darasa zima laweza kuitikia kwa pamoja sentensi ishirini za Kiingereza, ukuta ukatetemeka, na mtoto mmoja asiweze kumwambia mwalimu kwamba anaumwa na tumbo.

Jambo hili limeshuhudiwa na wataalamu mbali na kwetu. Nchini Canada kulikuwa na watoto wasemao Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi mfululizo. Walifikia kukifahamu vizuri sana wakisikiliza na wakisoma, ilhali kusema na kuandika kwao kulibaki na makosa mengi. Mwaka 1985 mtaalamu Merrill Swain alitoa hoja kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mwanafunzi hana budi kupata nafasi nyingi za kutoa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa ni wakati anapotafuta neno asilipate ndipo anapotambua upungufu wake. Sasa hesabu darasani kwa mwanao. Kipindi kina dakika 35, watoto ni 40, na mwalimu ndiye msemaji kwa sehemu kubwa ya kipindi. Hata kama mwalimu angenyamaza kabisa na kuwapa watoto dakika zote kwa zamu, mtoto mmoja asingepata hata dakika moja nzima.

Mitihani yetu nayo imechangia. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati yake ni za ustadi wa kuzungumza. Lakini sehemu hiyo hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika ni neno gani hutamkwa sawa na jengine, huandika angejiandaa vipi kwa mahojiano ya kazi, na huyajaza mazungumzo yaliyoachwa nafasi. Mwanafunzi aweza kuzipata alama hizo asifungue mdomo. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeiweka mada ya kusikiliza na kuzungumza mbele katika kila lugha, na hilo ni jema. Lakini mtaala ni karatasi, na kinachoufanya uwe na uhai ni shughuli anazozichagua mwalimu.

Ni zipi basi shughuli hizo? Tulipata kuketi nyuma ya darasa moja dogo la jioni huko huko Muthangari, ambamo mwalimu mmoja wa kike huwasaidia watoto wa familia zilizotoka pwani, pamoja na baadhi ya mama zao. Tutaeleza tuliyoyaona, kwani hayahitaji mashine wala fedha.

Shughuli ya kwanza ilikuwa ya picha mbili. Watoto wawili waliketi wakipeana mgongo, kila mmoja ana picha ya soko. Picha zilifanana isipokuwa katika mambo sita: huku mwanamke ana kikapu, kule hana, huku paka yu juu ya meza, kule yu chini. Kazi yao ilikuwa kuzipata tofauti zote kwa kuulizana kwa Kiingereza, bila kuoneshana. Kila mmoja alikuwa na habari asiyokuwa nayo mwenziwe, na mlango wa kuipata ulikuwa mmoja tu, yaani kuuliza. Darasa zima lilikuwa likisema kwa wakati mmoja, watoto wawili wawili, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumcheka mwenziwe, kwa kuwa kila mtu alishughulika na picha yake.

Siri ya zoezi hili ni pengo la habari. Huko Kusini mwa Uhindi, katika mradi wa Bangalore uliofanyika baina ya mwaka 1979 na 1984, mwalimu N. S. Prabhu na wenzake waliwasomesha Kiingereza watoto wa shule za kawaida kwa kuwapa kazi za kutatua kama ratiba za treni na ramani, badala ya kuwapa kanuni za sarufi kwanza. Walizigawa kazi hizo katika aina tatu: pengo la habari, pengo la kufikiri, na pengo la maoni. Lakini sisi wa pwani tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mtu anaposema “Kitendawili!” na baraza likaitika “Tega!”, anacho anachokijua yeye peke yake, na wengine hawana budi kuuliza na kukisia. Wakishindwa hudaiwa mji, naye huupokea mji wake ndipo atoe jawabu. Bibi zetu waliwafunza watoto kuzungumza kwa pengo la habari kabla ya kusikia jina hilo. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuuchukua mchezo huo huo, akawaambia watoto wategeane vitendawili vyepesi kwa Kiingereza kuhusu vitu vya jikoni au wanyama, na mji ukatolewa vile vile.

Shughuli ya pili ilikuwa ya njia. Mtoto mmoja alishika ramani ya mtaa yenye majina: barabara ya Waiyaki, barabara ya James Gichuru, kituo cha polisi, duka, msikiti. Mwenziwe alishika ramani ile ile isiyo na majina. Wa kwanza akamwelekeza wa pili, pinda kushoto, vuka barabara, mpaka wote wakafika mlango mmoja. Walipopotea walicheka, wakarudi mwanzo. Hapo kicheko kilikuwa cha wote wawili, nacho hakikumvunja moyo mtu.

Ya tatu ilihusu kungoja. Mwalimu aliuliza swali, kisha akanyamaza. Watoto wakafikiri kila mtu peke yake, halafu kila mmoja akamwambia jirani yake, na mwisho ndipo akataka mtu wa kuliambia darasa. Msomaji asiudharau ukimya ule. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika kazi aliyoichapisha miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wengi baada ya kuuliza swali hungoja sekunde moja tu kabla ya kulirudia au kumwendea mwengine. Walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kujibu. Ikiwa huyo ni mtoto ajibuye kwa lugha yake, je, yule anayetafuta jawabu na neno la kigeni kwa pamoja? Pengine binti wa Muthangari hakukosa jawabu. Alikosa sekunde mbili.

Ya nne tuliipenda zaidi kwa ajili ya akina mama. Kila mmoja alisimulia jambo dogo, kama vile jinsi ya kupika wali wa nazi, kwa dakika nne kwa msikilizaji mmoja. Kisha akahama, akalisimulia jambo lile lile kwa msikilizaji mwengine kwa dakika tatu, halafu kwa wa tatu kwa dakika mbili. Mara ya kwanza maneno yalikwama. Mara ya tatu yalitiririka, kwa kuwa msemaji alikuwa ameshayapata maneno yake na hakuhitaji tena kufikiri la kusema. Mama aliyeanza kwa kunong’ona alimaliza kwa sauti ya kawaida.

Ya mwisho ni maigizo ya haja za kila siku: kumpigia mwalimu simu kueleza kwamba mtoto ni mgonjwa, kuuliza bei dukani, kujieleza mbele ya mtu anayetoa kazi. Igizo lina rehema yake. Anayekosea si Mwanaisha wala Fatma, ni yule mwenye duka anayeigizwa. Na mtu huwa mjasiri zaidi akivaa kilemba cha mwengine.

Sasa tuje kwenye hofu ya kuchekwa. Mwalimu yule hakumkatiza msemaji hata mara moja. Alizunguka na kijidaftari akiandika makosa aliyoyasikia, na mwisho wa kipindi akaandika matano ubaoni bila ya kumtaja mwenye kosa, wakayasahihisha pamoja. Makosa mengi ya watoto wetu yana asili yake, wala si dalili ya ujinga. Kiswahili kina irabu tano tu na Kiingereza kina sauti nyingi zaidi za irabu, kwa hiyo masikio ya mtoto huzisikia “ship” na “sheep” kuwa neno moja. Kiswahili husema “yeye” kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa hiyo mtoto humtaja mamake kwa “he” na darasa likaangua kicheko. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, Kiingereza hakina utaratibu mwepesi kama huo. Mtoto akielezwa hivyo hufahamu kwamba anatoka katika nyumba yenye mpango mmoja na kuingia katika nyumba yenye mpango mwengine. Na yapo yanayomsaidia: sauti iliyo mwanzoni mwa “thamani” na ile iliyo mwanzoni mwa “dhahabu” huwatoa jasho wanafunzi wengi duniani wakijifunza Kiingereza, na mtoto wa pwani amezaliwa nazo.

Hapa ndipo tunapolirudia swali la kuacha Kiswahili nyumbani. Kenya inayo historia ya kutaka kukiingiza Kiingereza kwa kuitoa lugha nyengine. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, jinsi watoto wa shule aliyosoma walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni wakisikika wakisema Kikuyu. Kibao hicho kilipitishwa kutoka mtoto hadi mtoto katika shule nyingi, na wazee wengi wa leo wanakikumbuka. Kilifunza nini? Kilifunza kupelelezana na kunyamaza. Mtoto anayeogopa lugha mbili kwa pamoja hubakiwa na ukimya.

Iko pia historia nyengine isiyotajwa sana. Mwaka 1957 Wizara ya Elimu ilianzisha hapa Nairobi Kituo Maalumu kwa ajili ya shule za watoto wa Kiasia, ambao majumbani mwao walisema Kigujarati, Kipunjabi na Kikachi. Walianza kusomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na njia iliyotumiwa ilikuwa ya vikundi vidogo, vitu vya kushika na shughuli za kufanya, badala ya kuitikia kwa pamoja. Matokeo yalipendeza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ukapelekwa katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Lakini madarasa yaliongezeka kwa kasi kuliko walimu waliofunzwa na vifaa vilivyokuwepo. Katika shule nyingi lugha ya Kiingereza ilibaki, na zile shughuli zikapotea. Kufikia mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wasomeshwe kwa lugha ya mahali walipo. Funzo tunaloliona sisi ni hili: kilichowafungua ulimi watoto wale ni ile kazi ya kuzungumza iliyowekwa mikononi mwao. Anayeondoa Kiswahili nyumbani na kuweka Kiingereza cha amri amechukua nusu ya mpango ule isiyofaa, akaiacha iliyofaa.

Tena tukumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ikakiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mtoto mwenye vyote viwili ana milango miwili, na haifai tumfungie mmoja kwa mkono wetu.

Limebaki jambo la haya, ambalo baadhi ya wazazi hulitumia kuuhalalisha ukimya wa mabinti. Husema, binti yetu ana haya, ndiyo sababu hasemi darasani. Haya ni pambo la imani, lakini haya si ububu. Wanawake wa Madina walimwomba Mtume (s.a.w.) awatengee siku yao ya mafunzo, naye akawatengea. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na yeye mwenyewe aliulizwa na masahaba wakubwa naye akawajibu. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungulie fundo la ulimi ili wapate kufahamu maneno yake. Angalieni mpangilio wa dua hiyo: kifua kwanza, ulimi baadaye. Binti anayeona haya mbele ya wavulana na aketishwe na binti mwenziwe katika kazi za wawili wawili. Mwalimu mwenye busara hatakataa. Akizoea kumwambia mmoja, atawaambia wanne, na siku moja ataliambia darasa.

Twamalizia na la kufanya nyumbani, maana mama wengi hutuambia, sisi hatujui Kiingereza, tutamsaidia vipi? Mama, kutojua kwako ndiko kunakofaa hapa. Wewe ndiye mtu wa kweli mwenye pengo la habari. Kila jioni, baada ya Maghrib, muulize mwanao kwa Kiswahili ni jambo gani moja alilojifunza leo, akueleze vizuri mpaka ufahamu. Kisha mwambie akufunze kulisema kwa Kiingereza, sentensi tatu tu, nawe uzirudie mbele yake. Kosea, akusahihishe, mcheke pamoja. Mtoto anayemfunza mamake hana wa kumwogopa, na ataona kwa macho yake kwamba mtu mzima anayeheshimiwa hukosea bila kupungukiwa na kitu. Fanyeni hivyo kwa dakika kumi, msizidishe.

Na mkienda shuleni, msimuulize mwalimu tu mtoto amepata alama ngapi. Muulizeni mtoto huyu husema na nani darasani, na kwa muda gani kwa siku. Ikiwa darasa ni kubwa, mwombeni kwa adabu awape watoto nafasi ya kuzungumza wawili wawili japo dakika tano katika kipindi, na asubiri kidogo baada ya kumuuliza binti yenu. Ombi hilo laweza kusemwa kwa Kiswahili, na kulisema mbele ya mtoto wenu ni somo zuri kwake, kwani ataona mamake akisimama na kusema.

Mwenyezi Mungu awakunjulie vifua watoto wetu na azifungue ndimi zao kwa yaliyo ya kheri. Wabillahi tawfiq.